Uvutano, Graviti na Mpindo: Istilahi za Kiswahili Mbele ya Nadharia Mbadala za Uhusianifu wa Jumla

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano uliopo kati ya istilahi na nadharia katika taaluma ya fizikia, kwa kuzingatia dhana ya graviti. Inadaiwa kwamba istilahi iliyozoeleka zaidi katika Kiswahili, yaani uvutano, imebeba ndani ya umbo lake maelezo ya Newton, na kwa sababu hiyo haiwezi kutumika bila tahadhari katika kueleza nadharia ya Einstein ya uhusianifu wa jumla wala nadharia zilizotolewa kushindana nayo. Baada ya kupitia nadharia mbadala tatu, ile ya Nordström, ya Brans na Dicke, na ya Milgrom, makala inapendekeza mgawanyo wa kazi baina ya istilahi zilizopo badala ya kuzifuta na kuunda nyingine.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kueleza sayansi imeelemea mno upande mmoja wa suala hili, yaani idadi ya istilahi. Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama lugha inalo neno la kutaja dhana fulani au haina. Orodha za istilahi zimetungwa, na kamusi za masomo ya sayansi zimechapishwa, ikiwamo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990. Kazi hiyo ni ya msingi na haina budi kuthaminiwa. Hata hivyo, liko swali la pili ambalo halijapewa uzito unaolistahili: je, neno lililopatikana linataja jambo lenyewe, au linataja maelezo ya mtaalamu mmoja kuhusu jambo hilo?

Tofauti hiyo haionekani kwa urahisi pale ambapo taaluma ina nadharia moja tu inayokubalika. Inajitokeza pale nadharia zinaposhindana. Ikiwa jina la jambo limefungamana na nadharia moja, basi mwanafunzi anayesoma nadharia ya pili hulazimika kuieleza kwa msamiati wa ile ya kwanza, na hivyo huipotosha kabla hajaielewa. Graviti ni mfano mwafaka wa tatizo hili kwa sababu mbili. Kwanza, maelezo yake yamebadilika kabisa angalau mara moja tangu kazi ya Newton ya mwaka 1687. Pili, mpaka leo wako wanafizikia wanaojaribu kuyabadilisha tena.

2.0 Umbo la Neno na Nadharia Iliyomo

Neno uvutano limeundwa kutokana na mzizi -vut- kwa kuongezewa kiambishi cha kutendana -an-, kisha likanominishwa kwa u- na -o. Umbo hilo linatoa taarifa mbili. Ya kwanza ni kwamba kuna tendo la kuvuta, na kwa hiyo kuna kitu kinachovuta. Ya pili ni kwamba tendo hilo ni la pande mbili: kinachovuta nacho huvutwa. Taarifa zote mbili ni sahihi kabisa ndani ya mfumo wa Newton, ambamo kila kitu chenye tungamo hukivuta kingine kwa kani inayolingana na zao la matungamo yao na kupungua kwa kadiri ya kipeo cha pili cha umbali. Dunia huuvuta Mwezi, na Mwezi nao huivuta Dunia kwa kani iyo hiyo. Kwa kweli, kauli ya kutendana inaibainisha kanuni hii ya Newton waziwazi kuliko neno la Kilatini ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelirithi, kwani asili ya neno hilo ni uzito tu.

Neno mvutano, ambalo hutumiwa pia katika maana hiyo, lina tatizo la ziada. Katika matumizi ya kawaida mvutano ni hali ya pande mbili kukinzana, kama katika mvutano wa kisiasa, ambapo kila upande huvuta kwake kama wachezaji wa kuvuta kamba. Picha hiyo ni ya vitu vinavyoelekea kuachana, ilhali graviti huvikaribisha vitu.

Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba msemaji wa kawaida wa Kiswahili, anapozungumzia tukio lenyewe, hatumii kitenzi vuta hata kidogo. Husema embe limeanguka. Hasemi embe limevutwa na ardhi. Kitenzi anguka kina uhusiano na angua, kama vile vunjika kilivyo na uhusiano na vunja. Anayeangua nazi ni mtendaji anayejulikana. Nazi inapoanguka hatajwi mtendaji yeyote. Kauli ya kutendeka inaeleza hali inayokipata kitu bila kudai kwamba kuna kitu kingine kilichoisababisha. Kwa maneno mengine, lugha ya kila siku inalitaja tukio na kuacha chanzo chake wazi, lakini lugha ya darasani inalitaja tukio pamoja na chanzo chake kana kwamba mjadala umekwisha.

3.0 Uhusianifu wa Jumla: Graviti Isiyo na Mvutaji

Mwaka 1907, alipokuwa akifanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Einstein alitambua kwamba mtu anayeanguka bila kizuizi hausikii uzito wake mwenyewe. Vitu vyote vilivyo karibu naye huanguka pamoja naye kwa mchapuko uleule, hata viwe vya tungamo gani. Jambo hili lilikuwa likijulikana tangu zamani, lakini katika mfumo wa Newton lilibaki kama sadfa. Tungamo linalopima ukaidi wa kitu dhidi ya kusukumwa, yaani inesha yake, halikuwa na sababu ya lazima ya kulingana na tungamo linalopima jinsi kitu kinavyovutwa. Hata hivyo viwili hivyo hulingana. Setilaiti ya MICROSCOPE, iliyorushwa mwaka 2016, ilithibitisha ulinganifu huo kwa usahihi wa kiasi cha sehemu moja katika 10¹⁵, kwa mujibu wa matokeo ya mwisho yaliyotolewa mwaka 2022.

Matumizi ya neno uzito sokoni yanaakisi ulinganifu huu. Muuzaji anayepima kilo mbili za sukari husema anapima uzito, na walimu wa fizikia humsahihisha kwa kusema kwamba kilo ni kipimo cha tungamo. Marekebisho hayo ni ya haki. Hata hivyo, muuzaji hapati hasara kwa kuchanganya dhana hizo, kwa sababu mahali pamoja uzito na tungamo huenda sambamba daima. Einstein aliuchukua usambamba huo kuwa kanuni, wala hakuuona kuwa sadfa.

Nadharia aliyoikamilisha Novemba 1915 haina mvutaji. Tungamo na nishati hupinda nafasi na wakati, vinavyochukuliwa kuwa kitu kimoja kinachoweza kuitwa nafasi-wakati. Kitu kisichosukumwa na chochote hufuata njia iliyonyooka kadiri inavyowezekana ndani ya mpindo huo. Sayari hailizunguki Jua kwa sababu ya kuvutwa. Huenda moja kwa moja katika nafasi-wakati iliyopinda. Kani halisi ni ile ambayo ardhi huitumia kuisukuma miguu ya mtu kwenda juu na kumzuia asiendelee kuanguka. Kwa mtazamo huu, anguka ni kitenzi kinachofaa zaidi kuliko vutwa. Hoja hapa si kwamba Kiswahili kilimtangulia Einstein. Hoja ni kwamba neno lisilodai chanzo linaweza kudumu wakati maelezo ya chanzo yanapobadilika.

Ushahidi wa kwanza wa nadharia hii ulitokana na sayari ya Utaridi. Mwaka 1859 Le Verrier alionyesha kwamba njia ya Utaridi kulizunguka Jua hugeuka haraka kidogo kuliko kanuni za Newton zinavyoweza kueleza. Ziada hiyo, kwa hesabu zilizosahihishwa baadaye, ni kiasi cha sekunde 43 za tao kwa karne. Le Verrier alikuwa amepata sifa kubwa mwaka 1846 kwa kutabiri mahali ilipo sayari ya Neptuni kutokana na mwendo wa Urani, na safari hii pia alidhani kuna sayari isiyoonekana. Sayari hiyo, iliyopewa jina la Vulcan, haikupatikana kamwe. Einstein alizipata sekunde 43 kutokana na milinganyo yake bila kuongeza sayari yoyote. Kisa hiki kina funzo ambalo litarejewa hapa chini: tofauti kati ya hesabu na uchunguzi huweza kuashiria kitu kisichoonekana, kama kwa Neptuni, au kasoro katika nadharia, kama kwa Utaridi, na hakuna awezaye kujua mapema ni ipi kati ya hizo.

4.0 Nadharia Mbadala Tatu

4.1 Nordström

Kati ya mwaka 1912 na 1913, kabla Einstein hajakamilisha kazi yake, Gunnar Nordström wa Finland alitoa nadharia ambamo graviti inaelezwa kwa uga wa skala, yaani uga wenye thamani moja tu katika kila nukta. Nadharia hiyo ilikuwa na mantiki nzuri na ilikubaliana na uhusianifu maalumu. Ilishindwa kwa vipimo. Kwa njia ya Utaridi ilitabiri mgeuko mdogo wa kurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Kwa nuru ilitabiri kwamba haipindwi kabisa na Jua. Jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919, watafiti wa Uingereza walipima mahali pa nyota karibu na Jua wakiwa Sobral nchini Brazili na katika kisiwa cha Principe, magharibi ya Afrika. Matokeo yaliuelekea utabiri wa Einstein wa sekunde 1.75 za tao badala ya nusu yake, ambayo ingetarajiwa kwa hesabu ya Newton, na yalipingana na sifuri ya Nordström.

4.2 Brans na Dicke

Mwaka 1961 Carl Brans na Robert Dicke wa Princeton walitoa nadharia ya aina nyingine. Hawakuuondoa mpindo wa nafasi-wakati; waliuongezea uga wa skala unaofanya nguvu ya graviti iweze kutofautiana kutoka mahali hadi mahali na kutoka zama hadi zama. Nadharia yao ina kigezo huru kimoja, kinachoandikwa kwa herufi ya Kigiriki omega. Kadiri omega inavyokuwa kubwa, ndivyo utabiri wao unavyokaribiana na ule wa uhusianifu wa jumla. Kwa hiyo nadharia ya Einstein haipingwi hapa. Inakuwa hali mojawapo ya mipaka ndani ya nadharia pana zaidi.

Jambo hili lilibadilisha namna ya kuuliza maswali. Watafiti waliacha kuuliza tu kama Einstein alikuwa sahihi, wakaanza kuuliza alikuwa sahihi kwa kiasi gani. Vipimo vya mawimbi ya redio kutoka chombo cha Cassini, yalipopita karibu na Jua mwaka 2002, vilionyesha kwamba omega lazima izidi 40,000. Nadharia ya Brans na Dicke haikukanushwa kwa maana kamili ya neno hilo. Ilisukumwa hadi mahali ambapo, katika mfumo wa Jua, haitofautiani kwa vitendo na ile iliyokusudia kuipanua.

4.3 Milgrom

Chanzo cha nadharia ya tatu ni galaksi. Kazi ya Vera Rubin na Kent Ford kuhusu galaksi ya Andromeda, iliyochapishwa mwaka 1970, pamoja na nyingine zilizofuata, ilionyesha kwamba mwendokasi wa nyota na gesi zilizo mbali na kitovu cha galaksi haupungui kama unavyotarajiwa. Wengi walihitimisha kwamba kuna maada ya giza, isiyotoa nuru, inayozizunguka galaksi. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom wa Israeli alichukua njia nyingine. Alipendekeza kwamba kanuni ya Newton yenyewe hubadilika pale mchapuko unapokuwa chini ya kiasi cha 1.2 × 10⁻¹⁰ mita kwa sekunde kwa sekunde, yaani mdogo zaidi ya mara bilioni 80 kuliko mchapuko wa kitu kinachoanguka hapa duniani.

Ni dhahiri kwamba swali la Le Verrier limerudi: Neptuni au Utaridi? Kwa galaksi mojamoja pendekezo la Milgrom limefanya vizuri kwa namna inayowashangaza hata wapinzani wake. Kwa mafungu ya galaksi limepata taabu, kwani hata likikubaliwa bado huhitaji maada fulani isiyoonekana. Uchunguzi wa mafungu mawili yaliyogongana, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya tungamo haiko pamoja na gesi, ingawa gesi ndiyo sehemu kubwa ya maada inayoonekana humo.

Kuhusu mada ya makala hii, jambo muhimu ni kwamba pendekezo la mwaka 1983 halikuwa mbadala wa uhusianifu wa jumla hata kidogo. Lilirekebisha kanuni ya Newton, na halikusema lolote lililo wazi kuhusu nuru wala kuhusu ulimwengu kwa jumla. Ilimlazimu Jacob Bekenstein, mwaka 2004, kulitungia nadharia ya kiuhusianifu. Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya graviti kutoka nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa kiasi cha miaka ya nuru milioni 130, yalifika duniani, na mnururisho wa gama ukafuata baada ya sekunde 1.7 tu. Kwa tukio hilo nadharia nyingi ambazo ziliruhusu mawimbi ya graviti na nuru kusafiri kwa namna tofauti ziliondolewa, ikiwamo ya Bekenstein katika umbo lake la awali. Mwaka 2021 Constantinos Skordis na Tom Złośnik walitoa nadharia nyingine ya mkondo huo inayokidhi sharti hilo. Mjadala haujafungwa.

5.0 Neno "Mbadala"

Mifano hii mitatu inaonyesha kwamba hata neno mbadala linahitaji kuangaliwa upya. Kitu mbadala ni kile kinachokaa mahali pa kingine. Msomaji anayekutana na maneno nadharia mbadala hudhani kwamba kuna nafasi moja na wagombea wawili, na kwamba mmoja akipita mwingine ameshindwa. Hali hiyo inamfaa Nordström peke yake. Brans na Dicke hawakugombea nafasi ya Einstein. Walijenga nyumba ambamo yeye ana chumba. Milgrom naye alianza kwa kukarabati nyumba ya Newton.

Athari ya mkanganyiko huu si ndogo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba nadharia mpya huifuta ya zamani hushindwa kueleza kwa nini wahandisi bado wanatumia kanuni za Newton, na huweza kupokea kila dai jipya kama ushahidi kwamba wataalamu hawajui wanalolisema. Ukweli ni kwamba nadharia yoyote inayotaka kukubaliwa sharti kwanza itoe sekunde 43 za Utaridi, sekunde 1.75 za nuru, na ulingano wa kasi uliopimwa mwaka 2017. Nadharia ya zamani hubaki kama sharti ndani ya ile mpya.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, inapendekezwa kwamba istilahi zigawanywe kazi kama ifuatavyo.

Kwanza, neno graviti litumike kutaja jambo lenyewe, bila kujali linaelezwaje. Pingamizi la kawaida dhidi ya neno hili ni kwamba ni la mkopo na maana yake haijifafanui kwa Mswahili. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini katika muktadha huu ndilo linaloleta faida. Neno lisilojifafanua haliegemei upande wowote.

Pili, uvutano usifutwe. Umekwishazoeleka shuleni, na kiambishi chake cha kutendana kinaeleza kanuni ya Newton kwa ufasaha usiopatikana kwingine. Ubakizwe kuwa jina la maelezo ya Newton, na mpindo wa nafasi-wakati uwe jina la maelezo ya Einstein. Hivyo itawezekana kusema, bila kujipinga, kwamba graviti ni uvutano kwa Newton na ni mpindo kwa Einstein. Sentensi hiyo haiwezekani pale uvutano unapotumika kwa maana zote mbili.

Tatu, chini ya jina la jumla nadharia mbadala kuwe na aina tatu: nadharia shindani, isiyoweza kuwa na uhusianifu wa jumla ndani yake, nadharia panuzi, ambayo uhusianifu wa jumla ni hali yake ya mpaka, na nadharia rekebishi, inayobadilisha kanuni ya Newton na kuacha uhusiano wake na Einstein utafutwe baadaye.

Inaweza kuulizwa kama mgawanyo huu si mzigo kwa walimu. Jibu ni kwamba mzigo upo tayari, ila hauonekani. Aidha, isisahaulike kwamba mpindo nao unaweza kupitwa na wakati, kwani wako wanaotafuta nadharia itakayoeleza graviti kwa misingi ya kwanta. Siku hiyo ikifika, lugha itakayokuwa imetenganisha jina la jambo na jina la maelezo haitalazimika kuanza upya.

7.0 Hitimisho

Kiswahili tayari kimo katika historia ya taaluma hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya uchunguzi wa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Data zake zilichangia kukifanya chanzo cha Cygnus X-1 kuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kudhaniwa kwa dhati kuwa shimo jeusi, yaani mahali ambapo graviti hufikia ukali ambao nadharia ya Newton haiwezi kuueleza. Neno la Kiswahili limo katika vitabu vya fizikia ya anga duniani kote, lakini kama jina la chombo tu.

Kutaja chombo si sawa na kueleza kilichoonwa nacho. Ili lugha ifikie hatua hiyo ya pili, haitoshi kuhesabu istilahi zake. Yapasa kuuliza kila istilahi inadai nini kuhusu ulimwengu, na kama iko tayari kuendelea kutumika pale dai hilo litakapoonekana kuwa na kasoro. Katika taaluma ya graviti hali hiyo imekwishatokea, na vipimo vinavyoendelea kufanywa vinaweza kuileta tena.